Jamhuri Dhidi ya Sufuria Saba

Si zamani sana, wala si mbali sana, palikuwa na nchi ambayo jina lake halitatajwa hapa. Si kwa woga, la hasha. Ni kwa adabu tu, maana nchi yenyewe ilikuwa na haya na haikupenda kutajwatajwa. Ilikuwa nchi nzuri, yenye bendera, wimbo wa taifa wenye beti nyingi, na wezi wenye vyeo vya kutosha.

Basi siku moja wakubwa wa dunia, wale wanaokopesha, wakaiambia nchi hiyo: fedha haramu zinatakatishwa kwenu mchana kweupe, na msipozuia jambo hilo, msije tena kubisha hodi kwetu. Bunge likakutana mbiombio, likapitisha Sheria ya Kuzuia Utakatishaji wa Fedha kwa kauli moja. Waheshimiwa waliopiga meza kwa nguvu kuliko wote ni wale waliojenga maghorofa kwa akiba ya mshahara wa ualimu. Ikaundwa Idara ya Mali Isiyojieleza. Idara ikapewa magari, na magari yakapewa maafisa.

Kazi ya Idara haikuwa ngumu. Afisa anasimama mbele ya mali na kuiuliza kwa sauti ya kiserikali, "Wewe umetoka wapi?" Mali ikijieleza, inaachwa. Ikinyamaza, inazuiwa. Kwa uadilifu mkubwa maafisa walianza na maghorofa ya wakubwa, na kila ghorofa lilijieleza vizuri mno, maana lilikuwa na wakili wake getini, naye alizungumza mpaka maafisa wakaomba maji ya kunywa. Yakapita maghorofa, yakapita mashamba, yakapita malori. Mwaka ukawa unakaribia kwisha na Idara haijazuia hata kuku. Kamishna akakosa usingizi, maana wakopeshaji walitaka kuona kitu kilichozuiwa, tena chenye picha.

Mungu si Athumani. Siku moja afisa mmoja aitwaye Ngwilizi, akipita mtaa wa Mpingoni, alibanwa na tumbo. Akaomba msaada kwenye nyumba ya kwanza aliyoiona. Mwenye nyumba akamwonyesha uani kwa kidole, na Ngwilizi, kwa haraka aliyokuwa nayo, akafungua mlango usio wa choo.

*

Mwenye nyumba alikuwa Bi. Kidawa, mjane. Mumewe, fundi vitanda Heri, alikuwa amefariki miaka mingi nyuma, na hawakujaaliwa mtoto. Chumba alichokifungua Ngwilizi kilikuwa ghala la vyombo vya shughuli vya mtaa mzima.

Mtaani hapo, kama mtaa wowote wenye akili zake, hakuna aliyenunua peke yake sufuria ya kupikia watu mia mbili, kwa sababu hakuna anayefiwa kila wiki. Watu walichanga. Huyu alileta sahani, yule jamvi, mwingine mwiko mrefu kama kasia, na kwa miaka wakapata sufuria kubwa saba, sahani za kulisha kijiji, majamvi na turubai. Walipotafuta pa kuviweka, walisema bila ubaya wowote, "Tuviweke kwa Kidawa. Kwake hakuna mtoto wa kuvunja." Kidawa alicheka pamoja nao. Alipobaki peke yake neno lile lilimchoma, akakaa nalo siku kadhaa kama mwiba wa samaki kooni. Lakini baadaye alishukuru, kwa sababu vyombo vilimletea watu. Hakuna aliyeoza mwana wala aliyezika bila kupita uani kwake. Anayekuja kuchukua alikaa kidogo. Anayerudisha alikaa zaidi, akasimulia nani alikula mara mbili na nani aliondoka amenuna. Kidawa aliwapa chai, na chai yake ilikuwa na hiliki nyingi kupita kiasi, na hakuna aliyethubutu kumwambia.

Ngwilizi alipoyaona hayo, tumbo likapona lenyewe. Akaisogelea sufuria kubwa kuliko zote, akarekebisha mkanda wake, akauliza, "Wewe umetoka wapi?"

Sufuria kimya.

Akaigonga kwa kalamu. Ikatoa mlio ambao baadaye, katika ripoti, aliuita wa dharau. Akaichukua sahani, akaigeuza, na hapo mwili ukamsisimka. Chini ya sahani palikuwa na tone la rangi nyekundu. Akageuza nyingine: kijani. Nyingine: zambarau. Kila mtoto wa Mpingoni anajua kwamba hizo ni alama za rangi ya kucha, kila nyumba na rangi yake, ili sahani zikichanganyika ijulikane nani kaleta ipi. Lakini Ngwilizi alikuwa amesoma ng'ambo, kozi nzima, na huko alifundishwa kwamba magenge hutumia alama.

"Mama," akasema, "hizi rangi ni za nani?"

"Za watu, mwanangu. Choo umekiona?"

"Watu gani?"

"Watu. Wenzangu wa hapa mtaani."

"Aha," akasema Ngwilizi, akaandika: mtandao.

Kesho yake gazeti la serikali lilitoka na picha ya Kamishna akiwa amesimama ndani ya sufuria, imemfika kiunoni, ili wananchi waone ukubwa wa tatizo. Redioni alihutubia taifa. "Ndugu wananchi! Mwanamke mmoja! Mdomo mmoja! Sahani mia tatu! Najiuliza, na ninyi mjiulize, na mkishapata jibu msikae nalo, mlilete ofisini: mdomo mmoja unafanya nini na sahani mia tatu?" Wakopeshaji walifurahi sana, wakaongeza mkopo.

*

Amri ya kuzuia mali ilibandikwa mlangoni kwa Bi. Kidawa, na utepe wa njano ukazungushwa kuanzia chumba cha uani mpaka kwenye baraza la mbele. Alikuwa huru kuendelea kuishi humo. Sheria haikuwa na roho mbaya. Ilisema tu kwamba mtu yeyote asipate faida yoyote kutokana na mali iliyozuiwa, na Ngwilizi akawekwa mlangoni na kiti chake kulinda faida isitoke.

Kivuli kilikuwa faida. Maji ya kunywa yalikuwa faida. Mzee mmoja aliyesimama chini ya upenu kukwepa mvua aliandikiwa onyo. Tena palikuwa na kifungu kingine, nacho ndicho kilichomaliza kazi: mtu yeyote atakayedai kwamba sehemu ya mali hiyo ni yake, naye atahesabiwa ni wa mtandao, na mali yake yote itazuiwa mpaka kijiko. Redio ilikisoma kifungu hicho asubuhi na jioni, baina ya taarifa ya habari na matangazo ya sabuni.

Mtaa ukasikia. Watu wa Mpingoni hawakuwa wabaya, wala hapa hawasemwi kwa ubaya. Walikuwa na watoto, cherehani, vibanda vya chipsi. Usiku ule wanawake waligeuza sahani zao za nyumbani na kufuta rangi kwa mafuta ya taa. Asubuhi walipita mbele ya nyumba ya Kidawa wakiangalia upande wa pili wa barabara, upande ambao hauna kitu.

Hodi zikakoma. Kidawa hakujua kwamba masikio yanaweza kuwa na njaa mpaka siku hizo. Kila mlio wa geti la jirani ulimsimamisha, halafu akakaa tena. Mtu pekee aliyebaki karibu naye alikuwa Ngwilizi, ambaye kanuni zilimkataza kumwamkia mshukiwa, kwa kuwa salamu nayo ni aina ya faida. Basi kila asubuhi Kidawa alifungua mlango, akamtazama kijana yule aliyekaa kimya, akasema, "Marahaba, mwanangu." Ngwilizi akaandika saa na dakika.

Alipofariki fundi baiskeli wa nyumba ya kona, mtaa ulipika kwa visufuria vya majumbani, vitatu vitatu, wali mwingine mbichi mwingine umeungua. Kidawa alikaa uani, mgongo ukiwa umeegemea mlango wa chumba chenye sufuria saba. Aliusikia msiba wote. Aliumia, na aliona haya kwa kuumia kwake, maana alijua kwamba hakuwa akimlilia fundi baiskeli.

Siku ile ndipo alipoamua kukata rufaa.

*

Katika nchi hiyo kukata rufaa ilikuwa haki ya kila raia, na kwa kuwa ilikuwa haki ya thamani ilihifadhiwa mahali ambapo watu hawafiki. Ofisi ya Baraza la Rufaa za Mali ilikuwa na dirisha moja. Karani wa dirishani alimuuliza Kidawa kama vyombo ni vyake.

"Si vyangu, mwanangu. Ni vya mtaa."

"Basi huna haki ya kukata rufaa. Rufaa ni ya mwenye mali."

"Na mtaa ukija?"

"Ukija unazuiwa."

"Na mimi nikisema ni vyangu?"

"Hapo utakuwa na haki kamili," karani akasema kwa furaha ya mtu anayependa kazi yake, "ya kueleza ulivyopata sahani mia tatu."

Akarudi siku nyingine, na nyingine tena. Aliambiwa alete nakala ya amri, lakini amri imebandikwa mlangoni na kuibandua ni kosa. Aliambiwa basi aje na mlango. Kuna wakati alifikiria kweli kumtafuta fundi aung'oe. Mwishowe mfagiaji alimwonea huruma, akamwelekeza kwa Wakili Chiponda, aliyekuwa na meza yake nje, ubavuni mwa jengo.

Chiponda alikuwa mtu mfupi mwenye tai ndefu. Alisikiliza kisa chote, akafumba macho, na alipoyafumbua yalikuwa yanang'aa.

"Mama, una watoto?"

"Sina."

"Mume?"

"Amefariki."

"Ndugu?"

"Walikwisha."

"Hongera!" akasema Chiponda, akamshika mkono. "Kesi hii tumeshinda. Sikiliza, mama yangu. Kutakatisha fedha ni kazi ya watu wengi. Huyu anatoa, yule anapokea, wa tatu anaficha. Mtu mpweke hawezi. Atampa nani? Atapokea kwa nani? Tutasema vyombo ni vyako, umevikusanya mwenyewe kidogo kidogo, ni ugonjwa wa uzee tu. Tutathibitisha kwamba huna mtu duniani. Kitaalamu tunaita Utetezi wa Upweke."

"Lakini watu ninao," Kidawa akasema.

"Wako wapi?"

Kidawa akageuka kuangalia nyuma yake. Pale ubavuni mwa jengo hapakuwa na mtu ila wao wawili na mbuzi.

"Ndiyo maana nasema tumeshinda," akasema wakili.

*

Tatizo lilikuwa mashahidi. Baraza haliamini upweke wa mdomo. Lilitaka watu wa kuapa kwamba hawamjui mrufani. Chiponda akaenda Mpingoni mwenyewe, akapita nyumba kwa nyumba akieleza kwamba ukitaka kumsaidia Bi. Kidawa njia ni moja tu, uje uape kwamba humjui.

Mtaa ulilipuka kwa furaha. Kwa muda wote ule watu walikuwa wakijisikia vibaya, na sasa walipewa namna ya kumtendea wema jirani yao bila hatari yoyote. Siku ya kesi walikuja wote, wamevaa nguo za sikukuu. Kidawa, akiwa kwenye benchi la mbele, aligeuka akawaona wakiingia, kundi kwa kundi, kanga mpya na kofia zilizofuliwa. Moyo ulimruka kwa furaha. Kwa sekunde kadhaa alisahau walichokuja kufanya.

Mwenyekiti wa Baraza alikuwa Mtukufu Kalembwana, mzee mwenye sauti nzito ambayo hata yeye mwenyewe alipenda kuisikiliza. Kesi ikatajwa: Jamhuri dhidi ya Sufuria Saba na Wenzake. Sufuria zikaletwa kizimbani na askari, mbili mbili, na karani akaziita kwa sauti kuu. Hazikuitika.

"Iandikwe," Mtukufu akanguruma, "kwamba washtakiwa wametumia haki yao ya kikatiba ya kukaa kimya. Baraza hili halitawalazimisha. Sisi si nchi ya mateso."

Mashahidi wakaanza. Wa kwanza alikuwa Mzee Mbwate, mwenye duka la mkaa.

"Unamfahamu mwanamke huyu?"

"Simfahamu kabisa, mtukufu. Sijapata kumwona maishani mwangu mama huyu anayejaza hiliki kwenye chai."

Karani akaandika: hamjui.

Akapanda dereva wa bajaji. "Naapa simjui. Na mumewe Heri, Mungu amrehemu, simjui vilevile, wala kitanda alichonitengenezea nilipooa hakijavunjika mpaka leo." Akapanda mama mmoja wa mandazi, akaapa kwamba hajui kama goti la kushoto la mrufani humsumbua wakati wa baridi, na kwamba angejua angemletea mafuta ya mchaichai. Akapanda Mwajabu, msichana aliyekuwa akisomea uuguzi, akasema kwamba siku aliyozaliwa yeye, hakuwa mama huyu aliyekimbia na mvua kumwita mkunga.

Kila shahidi aliandikwa, na Mtukufu alitikisa kichwa kwa masikitiko jinsi raia mmoja anavyoweza kuwa mgeni kiasi kile katika mtaa wake. Kidawa aliziba mdomo kwa kanga. Alikuwa anacheka mpaka machozi. Hajawahi kuambiwa maneno mazuri namna hiyo na watu wengi kwa siku moja, na akawaza kwamba kumbe hiliki waliijua siku zote.

Halafu ikaitwa zamu ya Bi. Sikudhani.

Sikudhani alikuwa mama yake Mwajabu, jirani wa ukuta mmoja, shoga yake Kidawa tangu wote wawili walipoletwa Mpingoni wakiwa maharusi. Walipakana hina, waligombana, walinuniana mwezi mzima kwa sababu ya jogoo, wakapatana. Alipanda kizimbani polepole, kifua kikimbana. Chiponda alijifuta jasho. Huyu ndiye aliyemhofia, kwani huyu ndiye mwenye mengi ya kuponyokwa.

"Unamfahamu mwanamke huyu?"

Sikudhani alimgeukia Kidawa. Akamtazama sawasawa, usoni, kama mtu anavyoitazama sura ya abiria mwenzake.

"Simjui," akasema, akashuka.

Hakuongeza neno. Yeye peke yake, katika mtaa mzima, alimkana bila kuteleza hata mahali pamoja. Kidawa aliacha kucheka. Alijua kwa nini shoga yake amefanya hivyo, alijua kwamba wengine wameapa kwa kujifurahisha na huyu ameapa ili yeye Kidawa ashinde. Alijua, na bado alihisi amemwagiwa maji ya baridi mgongoni.

Mtukufu Kalembwana hakuhitaji kujadiliana na wenzake, ambao hata hivyo walikuwa wamelala. "Baraza hili," akasema, "limeridhika, limeridhika kabisa, limeridhika pasipo shaka, kwamba mrufani hana mtu. Hana wa kumpa wala wa kupokea kwake. Ni fahari ya sheria zetu kwamba hata mtu asiye na mtu anaweza kusimama mbele yetu akahesabiwa kuwa ni mmoja. Amri ya kuzuia mali inafutwa. Sufuria ziko huru."

Ukumbi mzima ukapiga makofi na vigelegele. Mtukufu akashangaa wageni wale wana moyo gani.

*

Hukumu ilikuja na masharti, kama ilivyo kawaida ya furaha za kiserikali. Vyombo ni vya Bi. Kidawa peke yake, kwa matumizi yake peke yake. Kuviazima ni kosa. Ngwilizi atabaki na kiti chake kwa uangalizi. Ikigundulika kwamba mrufani anamjua mtu, au mtu anamjua, rufaa itakufa papo hapo, vyombo vitazuiwa tena, na shahidi husika atafungwa kwa kiapo cha uongo. Kidawa akapewa Hati ya Upweke yenye mhuri, aitundike sebuleni.

Kwa hiyo watu wa Mpingoni, waliokuwa wakimkwepa kwa kuhofia mali zao, sasa walimkwepa kwa kuogopa jela, na wengi, ni haki kusema, walimkwepa kwa kumpenda. Walikutana naye bombani wakamwachia zamu yake kimyakimya. Dukani Mzee Mbwate alimpimia mkaa kupita kiasi bila kumtazama. Harusi zilifanyika, na vyombo vilikodishwa kutoka kampuni mpya ya shemeji yake Kamishna, iliyofunguliwa wiki ileile kwa bahati tu.

Kidawa aliziosha sufuria zake. Alizikausha, akazipanga, akaziosha tena. Siku moja alijaribu kupika wali kwenye ndogo kuliko zote, akala juma zima, siku za mwisho ukiwa umechacha. Nyumba ilikuwa imejaa sahani, na kila alipopita ziligongana kidogo kama zinamteta.

Kitu kimoja tu kilimweka hai, nacho kilianza jioni moja alipokuwa akianika nguo. Upande wa pili wa ukuta alimsikia Sikudhani akisema na kuku wake.

"Kuku wangu nyie," Sikudhani alisema kwa sauti ya kupita ukuta, "mnajua leo Mwajabu kafaulu mtihani? Ndiyo. Na yule mama wa mandazi kagombana na wifi yake, kisa beseni. Nawaambia nyie kwa kuwa sina mwingine wa kumwambia."

Kidawa akatazama mlangoni. Ngwilizi alikuwa anasinzia. Akainama juu ya sufuria.

"Sufuria yangu," akasema, "mtihani upi huo, wa mwanzo au wa mwisho?"

"Kuku, wa mwisho huo!"

Tangu hapo ikawa desturi. Kila jioni kuku wale waliambiwa habari za mtaa, na sufuria ikauliza maswali. Ngwilizi aliandika kwamba mrufani anasema na vyombo, na ofisi ikamjibu kwamba hilo ni dalili nzuri ya upweke. Walicheka, kila mmoja upande wake. Lakini hawakuonana. Mara moja Kidawa aliweka kiganja ukutani, akahisi upumbavu, akakiondoa.

Ikaja jioni Sikudhani alisema, "Kuku wangu, kifua hiki leo kimekataa."

"Sufuria yangu, mwambie aende hospitali."

"Kuku, nitakwenda kesho."

Kesho yake kuku hawakuambiwa kitu. Wala kesho kutwa. Kidawa alisema na sufuria kwa sauti kubwa, akauliza, akauliza tena, mpaka Ngwilizi akageuka kwenye kiti. Kuku walichakura tu.

Kilio kilisikika asubuhi, jua limeshapanda. Ilikuwa sauti ya Mwajabu.

*

Kidawa alikaa uani akisubiri hodi. Alijua haitakuja, na alisubiri hivyohivyo. Juu ya ukuta aliona moshi wa mafiga madogo madogo, akasikia wanawake wakibishana nani ana kisufuria kingine. Kumkodishia marehemu vyombo vya shemeji yake Kamishna hakuna aliyekuwa na uwezo kwa ghafla vile. Shoga yake angezikwa kwa wali ulioungua.

Akainuka. Akafungua chumba, akaitoa sufuria kubwa kuliko zote, ile iliyomfika Kamishna kiunoni. Akajitwika. Shingo ilimuuma, goti likamlaumu, akatoka nayo mlangoni hivyohivyo.

Ngwilizi alisimama. "Bi. Kidawa. Unaipeleka wapi?"

"Msibani."

"Huyo marehemu ni nani wako? Rufaa yako ilisema huna mtu. Naye aliapa hakujui." Akatoa kalamu, lakini sauti yake ilikuwa ndogo. "Fikiri kwanza, mama. Unamjua?"

Kidawa alishusha pumzi. Aliiona nyumba yake ikizungushwa utepe tena, akamwona huyu kijana na kiti chake mpaka uzeeni. Yote hayo aliyaona vizuri.

"Andika," akasema. "Namjua. Anaitwa Sikudhani binti Mlekwa. Ana wivu wa jogoo. Anakoroma. Alinifuta jasho siku nilipomzika mume wangu na hakuniambia nyamaza. Mbele ya baraza lenu alinikana vizuri kuliko wote, kwa kuwa alinipenda kuliko wote, na mimi nilimkasirikia kwa hilo na sikuwahi kumwambia hata kwa mdomo wa sufuria. Umeandika?"

"Nimeandika."

"Yeye mumfunge sasa, kama mnamweza."

Ngwilizi alitazama geti la jirani lililokuwa wazi, kwenye ua uliojaa wanawake waliokuwa wameacha kupuliza moto na kusimama wima, nyuso zimewakauka. Wote walikuwa wameapa.

"Na hao?" akauliza. "Unawajua?"

Kidawa aliwatazama mmoja mmoja. Mama wa mandazi. Mke wa dereva wa bajaji. Mwajabu, macho yamevimba, kajifunga kanga ya mama yake.

"Hao?" akasema. "Siwajui hata mmoja."

Ngwilizi aliandika na hilo. "Rufaa yako imekufa, Bi. Kidawa. Amri inaanza kazi ikishagongwa mhuri na kubandikwa." Akakunja kitabu chake, akakitia kwapani. "Mhuri uko ofisini. Ofisi ni mbali, na gari sina. Nitakwenda kwa miguu."

Akaenda, polepole kuliko mtu yeyote aliyewahi kutumwa na serikali.

Kidawa akaingia uani kwa marehemu. Mama wa mandazi akampokea sufuria kichwani, akaitua juu ya mafiga, akaifuta vumbi kwa pindo la kanga.

"Karibu, mgeni," akasema. "Umechelewa. Mchele tumeshaosha."

"Poleni na msiba, wenyeji," Kidawa akasema. Wakasogea, wakamwachia nafasi kwenye mkeka baina ya Mwajabu na ukuta, nafasi ya mtu mmoja tu. Akakaa. Mwajabu akamlalia begani. Hapo Kidawa akalia, kwa sauti, mbele za watu.